Mwongozo wa Uzazi wa Mpango Unapobadilika: Namna ya Kuufikisha Kwenye Kiti cha Mteja

Fungua droo ya chumba cha uzazi wa mpango unachofanyia kazi, utoe lile gurudumu la karatasi la Shirika la Afya Duniani (WHO) tunalolizungusha ili kujua njia ipi inamfaa mwanamke mwenye hali ipi ya kiafya, kisha utazame mwaka uliochapishwa juu yake. Naanza na hilo kwa sababu miaka michache iliyopita, katika kliniki moja ya wilaya ya Temeke nilikokuwa nikisimamia wanafunzi wa ukunga, nilikuta gurudumu la toleo la 2009 likitumika meza moja na kijitabu cha toleo la 2015. Mama mwenye mtoto wa wiki tatu, anayemnyonyesha, alikuja kuomba kipandikizi, yaani kijiti cha homoni kinachowekwa mkononi. Muuguzi aliyeshika gurudumu alimwambia arudi mtoto akifikisha wiki sita, naye alikuwa anafuata kwa uaminifu kile alichokisoma. Mwenzake mwenye kijitabu angemwekea siku ileile. Mama yule hakurudi wiki ya sita. Alirudi akiwa na kadi ya wajawazito, kabla mtoto wake hajatimiza mwaka.

Vipandikizi vilikuwapo kabatini, mikono yenye ujuzi ilikuwapo, na kijitabu sahihi kilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa. Ndiyo maana nawaandikia wauguzi, wakunga, matabibu na wafamasia wenzangu wa jiji la Dar es Salaam: mabadiliko ya mwongozo wa kitabibu yana maana pale tu yanapobadilisha swali tunalomuuliza mteja na jibu analoondoka nalo.

Kuisoma hati kabla ya kuitumia

Hati ya WHO ya vigezo vya kitabibu hupanga kila njia katika makundi manne kwa kila hali ya kiafya. Kundi la 1 maana yake ni kwamba hakuna kizuizi chochote. Kundi la 2 maana yake ni kwamba faida kwa kawaida huzidi hatari. Kundi la 3, hatari kwa kawaida huzidi faida, na njia hutolewa tu pale ambapo njia nyingine zinazofaa hazipatikani au hazikubaliki kwa mteja, tena chini ya uangalizi. Kundi la 4, njia haitolewi kabisa. Katika kituo ambacho hakuna mtaalamu wa kupima hatari kwa kina, kama zilivyo zahanati zetu nyingi, WHO inaturuhusu kurahisisha: 1 na 2 ni ndiyo, 3 na 4 ni hapana, na mteja wa 3 anaweza kupewa rufaa.

Toleo jipya linapokufikia, usilisome kama gazeti. Kwa kila badiliko tafuta mambo manne: ni njia ipi, kwa mwanamke mwenye hali gani, namba ilihama kutoka wapi kwenda wapi, na je, namba hiyo ni ya kuanza njia au ya kuendelea nayo. Hili la mwisho husahaulika sana. Mwanamke wa chini ya miaka 35 mwenye kipandauso kisicho na dalili za kutangulia, kwa mfano, ni kundi la 2 akitaka kuanza vidonge vya vichocheo viwili (estrojeni na projestini), lakini kipandauso hicho kikimwanza akiwa tayari anavitumia huwa ni kundi la 3. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga au vimulimuli machoni ni kundi la 4 kwa vidonge hivyo, awe na umri wowote.

Jambo jingine ni mamlaka. Mwongozo unaotufunga sisi ni wa Wizara ya Afya ya Tanzania, ambao hujengwa juu ya ule wa WHO lakini huweza kuchelewa kuufuata au kuongeza masharti yake. Miongozo ya Marekani na Uingereza inatufaa kama onyo la mapema. Msimamo wangu ni huu: pale mwongozo wa nje unapokuwa na tahadhari zaidi kuliko wetu, hakuna kinachokuzuia kumpa mteja njia iliyo salama zaidi kati ya zile ambazo wizara tayari inaziruhusu; lakini pale unapolegeza sharti ambalo wizara bado inalishikilia, subiri waraka au umuulize mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya yako.

Sindano na VVU: badiliko lililokwenda na kurudi

Hakuna mfano unaofundisha zaidi ya huu. Kwa miaka mingi wanawake walio katika hatari kubwa ya kupata VVU walikuwa kundi la 1 kwa sindano ya Depo, ile inayochomwa kila baada ya miezi mitatu. Tafiti za kufuatilia watumiaji zikawa zinaashiria kwamba huenda sindano inaongeza uwezekano wa kuambukizwa, na mwezi Machi 2017 WHO ikaihamishia kundi la 2, ikitaka mteja aelezwe wasiwasi huo. Kisha likaja jaribio la ECHO, lililowagawa kwa bahati nasibu wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia katika njia tatu: sindano ya Depo ya kwenye msuli, kipandikizi cha levonojestreli, na kitanzi cha shaba. Matokeo yaliyotolewa Juni 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo, na mwezi Agosti mwaka huohuo WHO ikarudisha sindano kundi la 1, ikiweka na vipandikizi na vitanzi katika kundi hilohilo.

Mhudumu aliyehudhuria semina ya 2017 na hakuhudhuria ya 2019 bado anawaonya wateja kuhusu jambo ambalo jaribio halikulithibitisha. Basi kagua semina zako mwenyewe. Kwa kila jambo unalolikumbuka kutoka mafunzoni, jiulize lilifundishwa mwaka gani.

Lakini ECHO ilikuwa na upande wa pili ambao naona haukutufikia kwa uzito uliostahili. Katika makundi yote matatu, takriban wanawake wanne kati ya mia moja walipata VVU kwa mwaka, ingawa walikuwa wakipewa ushauri na kondomu. Walikuwa wamekuja kutafuta uzazi wa mpango, kama wanavyokuja kwetu. Kwa hiyo unapomwandikia sindano binti wa Manzese au Buguruni bila neno la kumtisha, usiishie hapo. Mpime VVU akikubali, mpe kondomu, na mweleze habari za dawa kinga za kumeza na mahali zinapopatikana.

Mama aliyejifungua

Hapa mabadiliko ya 2015 ndiyo yaliyomgusa mama yule wa Temeke. Kwa anayenyonyesha na ambaye hajafikisha wiki sita, kipandikizi na vidonge vya kichocheo kimoja (projestini pekee) vilihama kutoka kundi la 3 kwenda la 2, hivyo vinaweza kutolewa hata kabla hajaruhusiwa kutoka wodini. Sindano ya Depo ilibaki kundi la 3 hadi wiki sita zitimie, kisha huwa kundi la 1. Vidonge vya vichocheo viwili, vile vyenye estrojeni, ni kundi la 4 kabla ya wiki sita, la 3 kuanzia hapo hadi miezi sita, na la 2 baadaye.

Kwa asiyenyonyesha hesabu ni tofauti, kwa sababu hofu kuu ni damu kuganda kwenye mishipa katika majuma ya kwanza baada ya uzazi. Vidonge vya estrojeni havifai kabla ya siku 21, na kuanzia hapo hadi siku ya 42 vinategemea kama ana hatari nyingine, kama vile kuwahi kuganda damu, unene uliopitiliza au kujifungua kwa upasuaji. Njia za projestini pekee hazina kizuizi kwake.

Kwa wenzangu wa wodi za wazazi za hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, ambako akina mama hukaa muda mfupi kwa sababu ya wingi wao, ombi langu ni kwamba mazungumzo haya yaanze kliniki ya wajawazito na uamuzi uandikwe kwenye kadi. Kumuuliza mama habari za kijiti saa mbili baada ya uchungu, akiwa amechoka, si ushauri wa haki.

Presha kabla ya vidonge

Ikiwa una dakika tano tu za kumchunguza mwanamke anayetaka vidonge vya majira, zitumie kupima shinikizo la damu. Kuchunguza njia ya uzazi, matiti au damu ya maabara si masharti ya kumpa vidonge, na kumpeleka maabara kwanza ni kumwekea kikwazo kisicho na faida. Presha ndiyo inayobadilisha uamuzi. Sistoli (namba ya juu) ya 140 hadi 159, au dayastoli (namba ya chini) ya 90 hadi 99, inaweka vidonge vya estrojeni kundi la 3. Sistoli ya 160 au dayastoli ya 100 na kuendelea inaviweka kundi la 4. Katika kiwango cha kwanza kipandikizi na vidonge vya kichocheo kimoja ni kundi la 1 na sindano ni la 2. Katika kiwango cha pili kipandikizi na vidonge hivyo ni la 2, na sindano inapanda hadi la 3.

Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa wa presha. Mama aliyeshuka sasa hivi kwenye daladala la Gongo la Mboto, amebanwa mlangoni njia nzima na amekimbia ili awahi namba, atakupa usomaji usio wake. Mkalishe dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umepumzika usawa wa moyo, kisha upime tena. Kama mashine ya kituo imeharibika, na hujui kama amewahi kuwa na presha, WHO inasema wazi kwamba asinyimwe njia ya homoni kwa sababu hiyo pekee. Lakini aliyewahi kuambiwa ana presha na huna namna ya kumpima asipewe vidonge vya estrojeni, apewe njia nyingine.

Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu nao wanahusika, kwa kuwa vidonge vingi vya majira mjini hununuliwa dirishani bila kliniki kujua. Umri, sigara na presha ni maswali matatu yasiyomaliza dakika moja. Mwanamke wa miaka 35 na zaidi anayevuta sigara hafai kuuziwa vidonge vya estrojeni.

Dawa nyingine anazotumia

Sehemu hii ndiyo ninayoikagua kwa ukali zaidi ninaposimamia vituo, maana kosa lake halionekani hadi mimba itokee, na mimba ikitokea mteja huambiwa kwamba alisahau kumeza. Baadhi ya dawa huliamsha ini livunje homoni haraka kuliko kawaida. Rifampisini ya kifua kikuu ndiyo kinara. Mgonjwa wa TB huitumia miezi yote sita ya tiba ya kawaida, na kwa muda huo vidonge vya aina zote mbili ni kundi la 3, kipandikizi ni la 2, na Depo ni la 1. Rifapentini inayotumika kuzuia TB huamsha ini vilevile. Athari hiyo huendelea takriban wiki nne baada ya kumaliza dawa, kwa hiyo usimrudishe kwenye vidonge siku anayomaliza tiba.

Dawa za kifafa fenitoini, karbamazepini na fenobabitoni zina tabia hiyohiyo na makundi hayohayo. Lamotrijini ni kinyume chake: hapa estrojeni ndiyo inayoishusha dawa ya kifafa, na mgonjwa anaweza kurudiwa na degedege, hivyo vidonge vya vichocheo viwili ni kundi la 3 kwake. Sodiamu valproeti haipunguzi nguvu ya vidonge, lakini humdhuru mtoto tumboni kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo anayeitumia anahitaji njia imara na ya muda mrefu kuliko mteja mwingine yeyote utakayemwona siku hiyo. Wapo wanaomwandikia dawa hiyo binti wa miaka kumi na minane bila kumuuliza lolote kuhusu uzazi wa mpango, na hilo linaniumiza kila ninapokutana nalo.

Kwa wateja wa kliniki za tiba ya VVU (CTC) hali imebadilika na kuwa nzuri. Zamani, walipokuwa wakitumia dawa ya VVU iitwayo efavirenzi, kiwango cha homoni kutoka kwenye kipandikizi kilishuka sana na baadhi walipata mimba vijiti vikiwa mkononi. Dolutegraviri, iliyo ndani ya kidonge cha VVU cha TLD cha sasa, haina tatizo hilo. Nayo ilipitia safari ya kwenda na kurudi: mwaka 2018 kulikuwa na hofu, kutokana na takwimu za awali za Botswana, kwamba inaweza kumletea mtoto kasoro za uti wa mgongo, na baadhi ya wanawake walitakiwa wawe na njia ya uzazi wa mpango kwanza ndipo wapewe; lakini Julai 2019 WHO ikaipendekeza kwa wote, wakiwemo wanawake wenye umri wa kuzaa. Usimshurutishe mtu kijiti kama tiketi ya kupewa TLD.

Antibayotiki za kawaida, dawa za fangasi na dawa za malaria haziingilii vidonge. Sema hivyo waziwazi, kwa sababu wapo wanaoacha vidonge wakianza dozi ya malaria.

Swali lenyewe liulizwe namna hii: “Dada, mbali na dawa ulizoandikiwa hapa, kuna nyingine unazotumia nyumbani au kliniki nyingine, za kifua, za kifafa, au za kila siku?” Usiulize “Unatumia dawa yoyote?”, kwa maana wengi watajibu hapana, dawa ya kila siku kwao si dawa tena, ni sehemu ya maisha. Na ikiwa chumba kimegawanywa kwa pazia tu, jongeza kiti na upunguze sauti.

Maonyo mawili mapya kutoka nje

La kwanza linahusu selimundu (sickle cell). Orodha ya WHO ya 2015 iliweka vidonge vya estrojeni kundi la 2 kwa mwenye ugonjwa huo, na njia za projestini kundi la 1. Mwongozo wa Marekani wa 2024 umevipandisha vidonge vya estrojeni hadi kundi la 4, kwa sababu ya hatari ya damu kuganda. Tanzania ina watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na wengi wao sasa wanafika utu uzima, jambo la kumshukuru Mungu. Hapa ndipo ninaposema tahadhari haina gharama: kipandikizi kipo, wizara inakiruhusu, na hakina estrojeni. Mwanzie huko.

La pili linahusu Depo. Mwezi Machi 2024 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Ufaransa ulioonyesha kwamba wanawake waliotumia sindano hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tano wa kufanyiwa upasuaji wa meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo ambao kwa kawaida si saratani. Mwaka huohuo mamlaka za dawa za Ulaya na Uingereza ziliagiza onyo liandikwe, na kwamba mwenye uvimbe huo, au aliyewahi kuwa nao, asipewe sindano kwa ajili ya uzazi wa mpango. Uvimbe huu ni nadra, hivyo mara tano ya kitu kidogo bado ni kidogo, na mimba isiyotarajiwa ina hatari zake ambazo wodi zetu zinazijua. Usiwaondoe watu kwenye sindano. Muulize mteja wa muda mrefu kama ana kichwa kisichopoa, macho yanayofifia, masikio yanayopoteza usikivu au degedege lililoanza ukubwani. Akiwa na lolote kati ya hayo, mpe njia nyingine na rufaa ya Muhimbili kwa uchunguzi.

Wale ambao tayari wako kwenye njia

Mafunzo yetu hujali mteja mpya na humsahau aliyekuwapo. Baada ya badiliko lolote, chukua rejista ya uzazi wa mpango ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), pitia miezi kumi na miwili ya nyuma, na uwatoe wanaoguswa. Kwa anayehitaji kubadilisha njia, hakikisha hapati pengo: mwanamke wa vidonge anaweza kuwekewa kipandikizi siku hiyohiyo ikiwa amekuwa akivitumia vizuri, hakuna haja ya kungoja hedhi. Kwa anayechelewa sindano ya Depo, kumbuka kwamba WHO inaruhusu kumchoma hadi wiki nne baada ya tarehe yake bila kumpima mimba wala kumtaka atumie kinga ya ziada. Kumfukuza kwa kuchelewa siku tisa ni kumpa mimba kwa mikono yako. Kwa anayetumia vidonge na hana tatizo, pakiti za hadi mwaka mzima zinaruhusiwa, kadiri akiba inayotoka Bohari ya Dawa inavyotosha. Na ile Depo ya chini ya ngozi, WHO ilipendekeza mwaka 2019 kwamba mwanamke aliyefundishwa aweze kujichoma mwenyewe. Penye utaratibu wa wizara unaoruhusu hilo, mpe nafasi hiyo yule anayepoteza siku ya biashara kila baada ya miezi mitatu.

Kwenye kadi yake andika njia mpya, sababu ya kubadilisha, na mwaka wa mwongozo uliotumia, ili mwenzako wa kituo kingine asije akamrudisha kule alikotoka.

Ukiwapigia simu, jitambulishe kwa jina lako tu na umwombe afike kliniki. Ikiwa simu haipokelewi na unamtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ujumbe uwe huohuo, bila kutaja sindano wala kijiti, hata kama aliyefungua mlango ni mume au mama mkwe na anauliza kwa heshima ni habari gani. Wapo wanaotumia njia hizi bila mtu wa nyumbani kujua, na siri hiyo walitukabidhi sisi.